Jokha na Mwaridi wa Kutambaa

Jokha aliishi Washwood Heath, mjini Birmingham, pamoja na mumewe Khatib na watoto wao wawili. Nyumba yao ilikuwa ya matofali mekundu, imegandana na nyumba nyingine kulia na kushoto. Mbele palikuwa na barabara. Nyuma palikuwa na bustani ndogo, ndefu na nyembamba. Kati ya bustani hiyo na ya jirani palikuwa na uzio wa mbao. Mtu mzima akisimama wima, kichwa chake kilionekana upande wa pili.

Khatib alikuwa fundi katika kiwanda cha magari ya mizigo. Alifanya kazi kwa zamu. Jokha alisafisha ofisi mjini alfajiri, kisha akarudi nyumbani kupika. Siku za jua alifanyia kazi zake nje. Alianika nguo, akachagua mchele, akamenya mihogo. Alipenda kukaa nje, kwa sababu ndani kuta zilikuwa karibu na madirisha yalikuwa madogo.

Kitu kimoja kilimkosesha raha. Alitaka mwaridi.

Kwao Unguja mama yake alikuwa na mwaridi uliotambaa kwenye ukuta wa jiko. Maua yake yalikuwa ya pinki, na harufu yake iliingia mpaka chumbani. Mama aliyachuma asubuhi na kuyatia katikati ya nguo sandukuni. Jokha alipovaa gauni lake la Idi, watu waliokaa karibu naye waligeuka kuangalia harufu inatoka wapi.

Basi mwezi Machi wa mwaka 2004 Jokha alinunua mche wa mwaridi wa kutambaa kwenye soko la wazi mjini. Kwenye chungu chake palibandikwa picha ya nyumba iliyofunikwa na maua ya pinki. Muuzaji alimhakikishia kuwa maua hayo yananukia sana. Jokha alirudi nao kwenye basi ameupakata. Siku hiyo hiyo akaupanda nyuma ya nyumba, chini kabisa ya ukuta, ili upate kupanda juu upesi. Alichimba kwa kijikoleo cha watoto cha kuchezea mchanga. Shimo lilikuwa dogo, lakini mizizi iliingia.

Kila jioni aliumwagilia. Aliinua ndoo akaumwagia maji kuanzia juu, mpaka majani yote yakalowa na kung'aa.

Jirani yake wa upande wa kushoto alikuwa mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima sana, mwenye mvi zilizosukwa mkia mmoja. Aliishi peke yake. Jokha alikuwa jirani yake kwa miaka miwili na hakujua jina lake. Kiingereza cha Jokha kilikuwa kidogo, na aliona haya kukisema. Walipokutana mlangoni walitikisiana vichwa, basi.

Lakini mama huyo alikuwa na mwaridi. Ulikuwa umelala juu ya uzio na kupanda ukuta wa nyumba yake mpaka dirisha la juu. Juni ilipofika, ukuta ule ukawa wa pinki. Harufu ilivuka uzio bila kuomba ruhusa. Jokha alipoanika nguo, zilirudi ndani zinanukia waridi la mtu mwingine.

Mwaridi wake mwenyewe ulitoa vijiti vitatu. Majani yake yalipata madoa meusi, yakageuka manjano, yakaanguka. Jokha akazidisha maji. Madoa nayo yakazidi.

Jumamosi moja ya mwezi Julai Zuleha, dada yake Khatib, alikuja kumtembelea. Zuleha alikuwa mwepesi wa maneno, na jicho lake halikupitwa na kitu. Wifi hao wawili walikaa nje wakimenya mihogo. Upande wa pili wa uzio, yule mama wa Kihindi alikuwa akikata maua yaliyonyauka. Mkasi wake ulisikika taratibu.

Zuleha aliuliza kile kijiti kikavu ukutani ni cha nini. Jokha akaona haya. Akajibu kuwa ni mwaridi, ila unaumwa. Zuleha aliutazama mwaridi wa jirani, akakitazama kijiti, kisha akacheka.

Kicheko hicho kilimchoma Jokha. Alitaka lawama impate mtu mwingine. Bila kupunguza sauti, akasema kwa Kiswahili:

"Huo wake unastawi kwa sababu kizee hicho hakina kazi nyingine. Kutwa kinasema na miti. Hakina mtu. Watoto wake wamekikimbia, na mumewe nadhani alikufa kwa kuchoshwa nacho."

"Labda kimekutia kijicho," Zuleha akasema. "Siku zote kinachungulia huku."

"Labda. Hata sura yenyewe ya kichawi."

Mkasi ukanyamaza. Kichwa chenye mvi kikatokea juu ya uzio. Yule mama aliwatazama bila hasira, kama mtu aliyekuwa akingojea zamu yake ya kusema. Kisha akasema kwa Kiswahili cha pwani, kilichonyooka:

"Mwaridi wako haukutiwa kijicho, mwanangu. Umeupanda karibu mno na ukuta, na unaumwagia maji kwenye majani."

Akachukua kikapu chake, akaingia ndani, akafunga mlango polepole.

Jokha alibaki na kisu mkononi. Uso wake uliwaka moto. Zuleha alijifunika mdomo kwa mtandio. Halafu akaanza kusema kuwa yeye hakutamka neno kubwa, kwamba maneno makubwa yalikuwa ya Jokha. Kisha akakumbuka kuwa ana safari ya mjini. Akaondoka kabla mihogo haijaiva.

Khatib aliporudi kutoka kazini alimkuta mkewe amekaa kitandani na ushungi wake, kama mtu aliyepokea habari ya msiba. Akamuuliza kuna nini. Jokha alimweleza nusu ya maneno yake. Khatib akangoja. Jokha akamweleza na nusu ya pili. Khatib hakumgombeza. Alivua viatu, akavipanga ukutani, akaenda kuoga. Jokha aliona afadhali angegombezwa.

Kuanzia siku hiyo Jokha hakutoka tena nyuma ya nyumba. Nguo alizianika ndani, juu ya mabomba ya kupasha joto na migongo ya viti, na nyumba nzima ikanuka unyevu. Akisikia mkasi wa jirani, alifunga dirisha. Kabla ya kwenda kazini alichungulia kwanza kwenye pazia, ahakikishe hakuna mtu barabarani.

Jambo moja lilimsumbua kuliko yote. Miaka miwili alikuwa akikaa nje na kuzungumza kwa Kiswahili kwa sauti yake yote. Hapo ndipo alipogombana na Khatib kuhusu ndugu zake. Hapo ndipo alipompigia simu dada yake na kulia kwamba Birmingham imemchosha. Aliwahi hata kuimba. Sasa alijiuliza yule mama alisikia yapi. Kila alipokumbuka neno moja, alikumbuka na jingine, na kila moja lilimwinamisha kichwa peke yake jikoni.

Mwaridi haukupata maji tena. Majani yaliyobaki yakaanguka yote.

Mwezi wa Ramadhani uliingia Oktoba. Jokha akapata wazo. Alikaanga sambusa za nyama, akazipanga vizuri kwenye sahani ya maua, akazifunika kwa kitambaa. Akamwomba Khatib azipeleke kwa jirani. Alisema ni sadaka ya Ramadhani. Khatib alimtazama kidogo, akazipeleka.

Alikaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa sahani moja. Aliporudi alileta habari. Yule mama aliitwa Bi Rajni. Alizaliwa Tanga, baba yake akiwa na duka la vitambaa huko, na alikuja Uingereza na mumewe zamani, wangali vijana. Tena Bi Rajni hakula nyama maisha yake yote. Alishukuru kwa sambusa, akasema atampa jirani wa mbele mwenye watoto wengi.

Sahani ilirudi siku ya pili. Ilikuwa imeoshwa, na ndani yake mlikuwa na sukari, kwa sababu watu wa pwani hawarudishi chombo kitupu. Jokha aliitazama ile sukari akaona haya upya. Mtu aliyetukanwa alikuwa bado anashika adabu, na yeye aliyetukana alikuwa amejificha nyuma ya sambusa.

"Chakula hakisemi, Jokha," Khatib alimwambia. "Ulimtukana kwa mdomo wako. Nenda kwa mdomo wako."

Alikwenda siku hiyo hiyo alasiri. Mvua ilikuwa ikinyesha. Kutoka mlango wake mpaka wa Bi Rajni ni hatua chache tu, lakini maneno yote aliyoyapanga yalimpotea njiani. Mlango ulipofunguliwa, alisema la kwanza lililomjia.

"Shikamoo, Bi Rajni."

Hakuwahi kumwamkia hata mara moja. Mwanamke anayelingana na mama yake.

"Marahaba."

Bi Rajni hakumkaribisha, wala hakufunga mlango. Alisimama akingoja.

"Nimekuja kukuomba radhi," Jokha akasema. "Maneno niliyosema ni mabaya, na si ya kweli. Sikujua kama unasikia."

"Na kama nisingesikia, ungekuja?"

Jokha alitazama viatu vyake vilivyolowa. Alijua jibu la kupendeza. Lilikuwa pale kwenye ulimi. Lakini alikuwa amechoka kujificha.

"Nisingekuja," akasema.

Bi Rajni akaitikia kwa kichwa. "Hapo umesema kweli. Ingia, unalowa."

Sebuleni palikuwa na joto. Ukutani palitundikwa picha ya mwanamume mwenye miwani, iliyovishwa shada la maua makavu. Bi Rajni alisema hatamtilia chai kwa kuwa anajua amefunga. Kisha akakaa mkabala naye, akaanza kumjibu neno kwa neno, kama mtu anayesahihisha kazi ya mwanafunzi. Mwaridi ule aliupanda mumewe, mwaka waliponunua nyumba. Hakufa kwa kuchoka, alikufa kwa moyo. Watoto hana wengi, ana binti mmoja, anakaa Kanada.

"Hakunikimbia," alisema. "Lakini haji. Kwa hiyo hapo hukukosea sana."

Jokha alitamani ardhi ipasuke. Uongo aliousema kwa kujifurahisha ulikuwa umegusa kidonda kweli.

Aliuliza kwa nini Bi Rajni alinyamaza miaka miwili, asiwaambie kuwa anajua Kiswahili.

Bi Rajni aliitazama ile picha ya ukutani. Alinyoosha mkunjo wa sari yake juu ya goti.

"Nyumbani humu tulikuwa tunasema Kigujarati na wageni," alisema. "Kiswahili kilikuwa chetu wawili, mimi na mume wangu, kwa mambo ya mzaha. Alipokufa, nikakosa wa kusema naye. Kisha mkahamia nyinyi. Siku moja nikakusikia unamwita mtoto aje kula. Nikawa natoka kila unapotoka. Nilijua nikitamka neno mtapunguza sauti, kama watu wote wanavyofanya wakijua wanasikiwa. Kwa hiyo nilinyamaza. Nilikuwa nakuja kusikiliza tu."

Jokha alilia. Bi Rajni hakumbembeleza. Alimwachia alie mpaka amalize, kisha akazungumza habari nyingine kabisa.

"Sasa mwaridi wako. Haujafa. Nimeuangalia, shina bado ni kijani. Lakini usiuguse sasa. Ngoja mpaka majani ya miti yote yaanguke, uwe umelala. Mti ukihamishwa umelala, hauumii sana. Baada ya Idi yenu utakuja kuniita."

Idi ilipita. Wiki iliyofuata, asubuhi ya baridi, Jokha alikwenda kumwita. Bi Rajni alikuja na koti la mumewe, glavu nene na mkasi wa kupogolea. Akaomba kiti. Akakaa kitini katikati ya bustani, akawa anatoa amri.

Kwanza alimwonyesha Jokha udongo wa chini ya ukuta. Ulikuwa mkavu, ingawa mvua ilinyesha siku iliyotangulia. Alimweleza kwamba ukingo wa paa unazuia mvua isifike hapo, na maji machache yanayofika yanafyonzwa na matofali. Mwaridi uliopandwa mahali kama hapo unakaa na kiu. Tena upande huo haukupata jua ila kidogo jioni, na mwaridi unataka jua kwa sehemu kubwa ya siku.

Walichagua mahali kwenye uzio, panapopigwa na jua tangu asubuhi. Jokha alichimba kwa beleshi la Bi Rajni, urefu wa mkono mmoja kutoka kwenye mbao. Udongo wa Birmingham ni wa mfinyanzi. Ulinata kwenye beleshi na kwenye viatu. Bi Rajni hakumruhusu aache mpaka shimo likawa pana kuliko beseni la kufulia, na kina chake kikafika gotini. Akamwambia achanganye udongo ule na samadi iliyooza vizuri, ambayo haina tena harufu kali. Samadi mbichi inaunguza mizizi.

Waliung'oa mwaridi kwa uangalifu, wakauloweka kwenye ndoo ya maji wakati Jokha akipumzika. Bi Rajni alimwonyesha kifundo kinene kati ya shina na mizizi.

"Kifundo hiki kizike, udongo ukipite kwa vidole viwili au vitatu. Hapa kuna baridi kali, siyo Unguja. Mizizi itandaze, usiikunje. Na shina lilaze kidogo kuelekea uzio, kama linataka kuuegemea."

Jokha alifanya hivyo. Akajaza udongo, akaukanyaga taratibu kwa kisigino, akamwaga ndoo nzima ya maji pale chini. Bi Rajni aliinama karibu na kile kijiti, akakisemesha maneno machache ya Kigujarati. Kisha akamgeukia Jokha.

"Kizee kinasema na miti," alisema, wala hakutabasamu.

Jokha alitazama chini. Hakujua acheke au aombe radhi tena. Alichukua beleshi akaendelea kusawazisha udongo uliokwisha kusawazika.

Kazi ilikuwa bado. Bi Rajni alimwagiza aokote majani yote ya zamani yenye madoa, ayatie kwenye pipa la taka, asiache hata moja. Alisema madoa yale ni ukungu. Majani yakilowa jioni na kukaa na maji usiku kucha, ukungu unaota. Jani bovu likibaki chini, ukungu unangoja humo mpaka mwaka unaofuata. Dawa yake ya kwanza ni usafi. Dawa ya pili ni kumwagilia asubuhi, kwenye udongo, siyo kwenye majani. Na afadhali maji mengi mara chache, yazame mpaka chini, kuliko maji kidogo kila siku.

Mwisho walipigilia misumari kwenye nguzo za uzio na kuvuta nyaya za kulala, mstari juu ya mstari. Bi Rajni alishika kijiti kirefu kuliko vyote. Akakiinamisha polepole, kidogo kidogo, mpaka kikalala karibu sawa na waya.

"Kila mtu anafunga mwaridi umesimama wima," alisema. "Halafu analalamika. Tawi likisimama wima, maua yanatoka kileleni tu, wanayafaidi ndege. Ukililaza, kila jicho la kuchipulia lililo juu yake linatoa kitawi, na kila kitawi kinatoa maua. Funga hapa. Usikaze, shina linanenepa."

Jokha aliingia ndani akachana khanga kuukuu iwe vipande vyembamba. Akafunga kwa vipande hivyo, akiacha nafasi ya kidole. Vijiti vitatu vililala kwenye waya vimetanuliwa kama vidole vya mkono. Havikupendeza. Lakini Bi Rajni aliridhika, akaomba chai, naye Jokha akamletea na kitumbua. Alihakikisha kwanza kuwa hakuna ndani yake kitu asichokula mgeni wake.

Mwezi Februari Jokha alisikia kwamba miaridi hukatwa wakati wa baridi. Alikuwa ameshashika mkasi akitaka kuvikata vile vijiti virefu mpaka chini. Akasita. Zamani angekata tu, kuliko kuonekana hajui. Safari hii alikwenda kugonga mlango na kuuliza. Bi Rajni alimwambia kuwa mwaridi wa kutambaa haukatwi hivyo. Matawi marefu ndiyo mifupa yake, huachwa. Yanayopunguzwa ni matawi madogo ya pembeni yaliyokwisha toa maua, yakabakizwa macho mawili matatu. Mengine ya kuondoa ni yaliyokufa, yenye ugonjwa na yanayosuguana. Mti mchanga kama ule ulikuwa hauna la kukatwa isipokuwa ncha moja iliyokauka.

Majira ya joto ya 2005 mwaridi ulitoa majani safi. Maua yalikuwa machache mno. Jokha alivunjika moyo, akamwambia Bi Rajni kwa sauti ndogo, kana kwamba kosa ni lake tena. Bi Rajni akamjibu kuwa mti uliohamishwa hushughulika kwanza na mizizi. Machipukizi marefu yaliyotoka mwaka huo yalikuwa habari njema. Kazi ilikuwa kuyalaza yangali laini, na kuendelea kukata kila ua lililonyauka ili mti usipoteze nguvu kwa kuzaa mbegu.

Siku hizo Jokha alikuwa amerudi kukaa nje. Mara nyingi Bi Rajni alikuwa upande wake, na walizungumza uzio ukiwa katikati yao. Hata hivyo aibu haikumtoka Jokha kwa mara moja. Ilimrudia ghafla, hasa wakicheka. Alipomwona yule mama anafuta machozi ya kicheko, matusi yake mwenyewe yalimjia masikioni.

Zuleha naye alirudi. Mara ya kwanza alikuja siku ambayo Bi Rajni hayupo. Alikaa kitini, akaanza habari za mwanamke mmoja aliyehamia nyumba ya mbele, na nguo anazovaa, na wanaume wanaoonekana mlangoni kwake. Jokha alimsikiliza kidogo, kisha akaweka kisu chini.

"Wifi, hapa kwangu nimeacha kusema maneno ambayo mwenyewe akiyasikia nitashindwa kumtazama."

Alisema kwa upole. Zuleha alinuna kwa muda. Kisha akauliza habari za watoto.

Juni ya mwaka 2006 mwaridi wa Jokha ulichanua. Haukuchanua kileleni. Ulichanua tangu mwanzo wa uzio mpaka mwisho, kila tawi lililolala likiwa limesimamisha vitawi, na kila kitawi kimebeba mafungu ya maua ya pinki. Upande mmoja ulikutana na mwaridi wa Bi Rajni, na mtu hakuweza kujua wa huyu unaishia wapi. Asubuhi Jokha alifungua mlango wa jiko, harufu ikampokea. Aliita watoto waje wanuse. Khatib alitoka na kikombe chake, akasimama pale mpaka chai ikapoa.

Jokha akawaalika wanawake wachache kwa chai ya alasiri. Alikuja Zuleha. Alikuja Kerubo, Mkenya anayefanya naye kazi ya usafi, na wengine wawili wa msikitini. Bi Rajni alipewa kiti kizuri, karibu na maua. Kulikuwa na mikate ya kumimina, kachori za viazi, na maua yaliyochumwa yakiwekwa katikati ya meza kwenye bakuli la maji.

Kerubo alizunguka uzio wote akinusa. Alirudi akasema kwamba yeye amepanda maua mara mbili, na mara zote mbili yamekauka.

"Kwani wewe ulijifunzia wapi, Jokha? Nani alikufunza?"

Wanawake wote wakamgeukia. Jokha alikuwa ameshika birika. Uso wake ukawaka moto, vilevile kama siku ile. Alimwona Zuleha anatazama kitambaa cha meza. Alijua kwamba kulikuwa na jibu moja tu la kweli, na kwamba lina maneno ambayo angelazimika kuyarudia mbele ya watu na mbele ya mwenyewe aliyetukanwa. Akaweka birika chini. Akafungua mdomo.

"Tulikuwa tunazungumza tu," Bi Rajni akasema kabla yake. Aliegemea kiti, akachukua kachori. "Yeye huku, mimi kule. Akasema mwaridi wake unaumwa, nikamwambia sababu."

"Basi?" Kerubo akauliza.

"Basi."

Kerubo alifurahi. Alivuta kiti chake karibu na Bi Rajni, akaanza kumweleza mahali alipopanda ua lake la mwisho, chini ya ukuta, na jinsi alivyolimwagia maji kila jioni. Bi Rajni alikuwa akitikisa kichwa hata kabla hajamaliza.

Jokha alimwangalia yule mama aliyemsitiri.  Alichukua kikombe cha Bi Rajni, akakijaza mpaka juu, akakiweka mbele yake kwa mikono miwili.